Ushauri: Land Rover 109 ya 1977 kwenda Lushoto na msafara wa magari ya zamani, niandae nini?

Kitasa cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wikiendi ya mwisho wa Julai klabu yetu ya magari ya zamani inapanda Lushoto. Tunatoka Dar Jumamosi alfajiri, tunalala huko, Jumapili tunarudi. Yaliyothibitisha hadi sasa ni Land Rover tatu, Beetle mbili, Peugeot 504 mbili, Datsun 1200 pikapu na Mercedes W123 ya dizeli.

Langu ni Land Rover Series III 109 ya mwaka 1977, injini ya petroli 2.25, kabureta ya Zenith, platini za kawaida (zile pointi za kukata umeme ndani ya distribyuta). Mjini halinisumbui, ila kwa safari ndefu nina wasiwasi na mambo matatu:

1. Nikizima likiwa la moto, mfano sheli, linagoma kuwaka hadi lipoe kama robo saa. Likishapoa linawaka kwa kugusa tu ufunguo.
2. Nikikanyaga breki linavuta kushoto.
3. Maji ya rejeta yanapungua. Nikijaza hadi mdomoni, kesho yake yako chini kama inchi moja, na sakafuni hakuna hata tone.

Fundi anasema nitoe themostati ndiyo dawa ya mlima. Naomba ushauri kwa hayo matatu, pia njia ya kupita, spea za kubeba na namna ya kupanda na kushuka ile barabara ya mlima ya Mombo–Soni. Naomba kuwasilisha.

Dingi wa Kabuku

Dawa ni moja. Pakia kwenye lobedi, ukifika Soni lishushe, piga picha, lipakie tena 😂

Mzee wa Platini

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Gari linalogoma likiwa la moto lina kasoro ya umeme au ya mafuta, na kinachotenganisha ni kipimo cha palepale linapogoma. Ukilipeleka gereji kesho yake limeshapoa, fundi atabahatisha na wewe utalipia kila anachobahatisha.

Likigoma, chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta. Ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha ikae milimita 6 kutoka kwenye chuma cha bloku, mbali na kabureta, halafu mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia kwa nguvu maana yake umeme uko sawa. Ikiwa ya njano na nyembamba, au hakuna kabisa, mtuhumiwa ni kondensa au koili. Kondensa iliyochoka hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana inawachanganya wengi. Fungua pia utazame platini: upande mmoja ukiwa na kichuguu na wa pili una shimo, kondensa haifanyi kazi yake.

Koili ipime kwa mita, nyaya zake ukiwa umezitoa, kati ya alama ya kujumlisha na ya kutoa. Gari lako halina rezista ya balasti (kipunguza umeme kabla ya koili), kwa hiyo unatakiwa upate karibu ohm 3. Ukikuta 1.5, umefungiwa koili ya gari lenye rezista. Hiyo inapitisha umeme karibu mara mbili, inachemka hadi haishikiki, na inakula platini. Madukani zinafanana kwa nje, wauzaji wengi hawajui tofauti.

Kama cheche ni ya bluu, hamia kwenye mafuta. Harufu ya petroli ikiwa kali na plagi zimelowa, petroli imechemka kwenye kabureta ikamwagikia ndani. Usivute choki. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, ishikilie hapohapo bila kupampu, piga stata hadi sekunde kumi. Kama hakuna harufu na plagi ni kavu, bakuli la kabureta limekauka. Pampu yako ya mafuta ina kikono cha kupampu kwa mkono. Pampu hadi uzito upotee, hapo bakuli limejaa. Ukikuta hakina uzito tangu mwanzo, kamu imesimama juu ya pampu, zungusha injini kidogo kwa hendeli kisha ujaribu tena.

Zenith hiyo pia ina ugonjwa wake. Uso kati ya kifuniko na mwili hupinda kwa sababu watu hukaza skrubu kwa hasira, petroli inapenya ndani bila kupita kwenye jeti, injini inakula mafuta kupita kiasi na inagoma ikiwa ya moto. Fungua, tandika msasa namba 400 juu ya kioo bapa, sugua uso huo kwa mwendo wa namba nane hadi wote ung'ae sawasawa. Badilisha na ile o-ringi ndogo ya ndani. Ukirudisha, kaza skrubu kwa mzunguko, kidogo kidogo.

Ukimaliza weka platini 0.35 hadi 0.40 mm, plagi 0.75 hadi 0.80, na valvu zote 0.25.

Kichwangumu

Themostati toa tu mkuu. Magari ya mzungu yaliwekewa kwa ajili ya theluji.

Hendeli

@Kichwangumu, hapana. Injini ya 2.25 ina mpira mfupi wa baipasi unaorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Themostati sahihi ikifunguka inaifinya ile njia, maji yote yanakwenda kupozwa. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini muda wote. Na barabarani tambarare, asubuhi ya Julai, injini haifiki joto lake, oili inabaki nzito na petroli inaosha kuta za silinda. Weka ya nyuzi 82. Ipime kwanza: itumbukize kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, itazame inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Isipofunguka hadi maji yachemke, itupe.

Mleta uzi, hiyo inchi moja huenda siyo ugonjwa. Rejeta hiyo haitakiwi kujazwa hadi mdomoni. Maji yakipata moto yanatanuka, ya ziada yanatoka kwa kibomba cha pembeni na kudondokea barabarani, ndiyo maana nyumbani huoni tone. Jaza hadi inchi moja chini ya mdomo, endesha siku mbili, pima tena likiwa baridi. Yakibaki palepale, umemaliza. Yakiendelea kushuka, tazama tundu dogo chini ya pampu ya maji, alama za kutu kwenye plagi za pembeni za bloku, na zulia la ndani upande wa hita. Mwisho kabisa, likiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama maji. Mapovu yanayopanda mfululizo kabla themostati haijafunguka ni gasketi ya silinda hedi, na hapo Lushoto ihesabu imeahirishwa.

Kifuniko chenyewe usikidharau. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, maji ya wazi huko yanachemka karibu nyuzi 95. Kifuniko cha paundi 9 kinaongeza kama nyuzi 14 juu ya hapo. Mpira wake ukiwa umepasuka huna akiba hiyo, na utachemsha kwenye kona za Soni hata kama rejeta ni mpya. Bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana.

Likichemsha kweli: simama, usizime ghafla kama maji bado yapo, liache lizunguke kidogo bila kukanyaga mafuta huku hita iko wazi hadi mshale uanze kushuka. Kama maji yameshatoka yote, zima mara moja. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa. Maji ya kuongeza yatie taratibu injini ikiwa inazunguka, ukimwaga baridi kwa mkupuo unapasua hedi.

Bonde la Pangani

Nije kwenye breki, maana kupanda kila gari litapanda. Kushuka ndiko kunakofaa kukunyima usingizi.

Linavuta kushoto maana yake kulia kumelala, au kushoto kunang'ata kupita kiasi. Nyanyua mbele magurudumu yote mawili. Kwenye 109, kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili (zinazosukuma shuu, yaani vipande vya breki, dhidi ya ngoma) na adjasta mbili nyuma ya bamba, na mafundi wengi hukaza moja wakaondoka. Zungusha gurudumu huku ukikaza adjasta ya kwanza hadi likwame, legeza hadi lizunguke bila kusugua, kisha nenda ya pili. Fanya hivyo pande zote, halafu nyuma. Kanyaga pedeli mara kadhaa, rudia.

Likiendelea kuvuta, toa ngoma. Unatafuta pistoni ya wili silinda iliyoganda kwa kutu, na oili iliyovuja kwenye sili ya habu ikalowesha shuu. Shuu zilizolowa oili usidanganywe kwamba zitaoshwa kwa petroli zikapona, joto la mlima litaivuta oili itoke tena. Badilisha shuu za ekseli nzima, kushoto na kulia, pamoja na sili. Upande mmoja peke yake utazidisha kuvuta.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote, siyo kuongezea. Yanavuta unyevu hewani, na kwa hali ya hewa ya Dar yanaharibika upesi. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Nunua kopo lililofungwa, lita moja inatosha kusafisha mfumo na kutoa upepo. Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Mafuta ya haidroliki au oili ya injini hata tone moja usitie, mipira yote itavimba.

Sasa mlima. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na unapanda kama mita elfu moja. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na basi linaloshuka linaingia kona likiwa limechukua njia zote mbili. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana. Panda gia ya tatu, na ukiona injini inaanza kulemewa rudi ya pili kabla ya kona, siyo katikati yake. Usiilazimishe kuvuta ikiwa chini, hapo feni inazunguka polepole na pampu ya maji pia.

Usiweke gia za lo (zile za nguvu na mwendo wa polepole). Series ukiweka lo, ekseli ya mbele inaingia yenyewe, na kwenye lami kavu yenye kona kali mitambo inajipinda. Utasikia usukani mzito, halafu gia inakataa kutoka.

Kushuka tumia gia ileile uliyopandia, ya pili sehemu kubwa ya njia. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia kabisa ngoma zipumue, kanyaga tena. Anayeegemeza mguu kwenye pedeli mfululizo ndiye anayenukisha msafara mzima. Jifunze kutofautisha: pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui, shuu zimepata joto kupita kiasi. Pedeli ikizama na kuwa laini, mafuta yamechemka. Kwa vyote viwili shusha gia, tafuta pa kusimama, subiri nusu saa. Usimwagie ngoma maji.

Jambo la mwisho, na hili limewaponyoka wengi. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika shafti ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kwenye mteremko, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke kinyume na lililo chini, na gari linaondoka juu ya jeki. Weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu mengine, ingiza fowili (magurudumu yote manne), ndipo unyanyue. Na usivute breki hiyo gari likiwa kwenye mwendo.

Nahodha wa Nchi Kavu

Kuhusu njia na msafara.

Msitoke kwa Morogoro Road. Piteni Tegeta, Bunju, Bagamoyo, mkaibukie Msata. Mnakwepa foleni ya Kimara hadi Kibaha na malori yote ya Chalinze, na magari ya zamani huchemshia foleni kuliko mlima. Toka Msata ni Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo. Jumla hadi Lushoto hesabu kilomita 360 hadi 380 kutegemea mnaanzia wapi mjini.

Mwendo upangwe kwa gari la polepole. 109 kwenye 80 injini yake inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo 70 hadi 75 ndiyo starehe yake. Ukiweka vijiji vya 50 na vituo, wastani ni kama 55 kwa saa, yaani saa saba barabarani. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, mnapanda mlima saa tano au sita mchana, kuna mwanga wa kutosha hata mkikwama saa mbili. Vijijini msijisahau, tochi zipo, na gari la zamani halisamehewi kwa sababu linapendeza.

Msiende mmeshikana mikia. Magari tisa yaliyobanana ni treni ambayo basi haliwezi kuipita, na dereva wa basi atajaribu hivyohivyo. Vunjeni makundi matatu ya matatu, nafasi kati ya gari na gari mita 100 au zaidi, kati ya kundi na kundi dakika tano. Kila dereva anamlinda wa nyuma yake: kwenye kila njia panda unasubiri hadi umwone, ndipo unakata. Hasa Msata na Segera, maana Segera aliyepotea atajikuta anaelekea Tanga.

Gari likiharibika, anayesimama naye ni gari la fundi linalofunga msafara, basi. Wengine waendelee hadi kituo kinachofuata. Vituo viwe Msata, Mkata, Segera na Mombo. Pale Mombo pumzikeni dakika arobaini kabla ya kupanda, pimeni maji na oili. Mafuta jazeni Korogwe, msisubiri Lushoto. Land Rover la petroli linakula lita moja kwa kilomita tano na nusu hivi, kwa hiyo kwenda tu ni lita 65 hadi 70.

Julai usiku Lushoto unashuka hadi nyuzi 10 hivi, na asubuhi kuna ukungu. Taa zikaguliwe, na betri inayosuasua Dar huko haitapiga stata. Jumapili shukeni mapema. Irente, pale pa kutazamia mandhari, nendeni Jumamosi jioni, siyo Jumapili, vinginevyo mtaingia Msata gizani.

Mama Kobe

Samahani kuvamia uzi, sisi wa Beetle mbona hatujaguswa? Yangu ni 1300.

Mzee wa Platini

Dada, Beetle haina maji lakini ina mkanda mmoja unaozungusha dainamo na feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani usiseme "nitafika Mombo", simama papo hapo. Mkanda ukikatika hakuna upepo, na silinda namba 3 ndiyo huungua kwanza. Beba mkanda na spana ya 21. Ingiza bisibisi kwenye pengo la puli ili isizunguke, fungua nati, funga mkanda mpya. Kukaza unahamisha shimu kutoka kati ya nusu mbili za puli kuziweka nje. Ukiubonyeza katikati ushuke kama milimita 15.

Kabla ya safari oili mpya lita 2.5, valvu 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, platini 0.4. Na chungulia kibomba cha shaba kinachopokea petroli kwenye kabureta: kikichezacheza kinachomoka, petroli inamwagikia distribyuta, gari linateketea. Mipira ya petroli yote mipya, na filta usiiweke kwenye chumba cha injini. Upepo wa tairi paundi 18 mbele, 27 nyuma.

Wenye 504: feni yenu ina klachi ya sumaku. Ikifika joto na haishiki, kagueni kaboni yake na waya wa swichi ya joto kabla ya kulaumu rejeta.

Hendeli

Spea za Land Rover: seti mbili za platini na kondensa, kimoja kati yake kikiwa kile kilichokuwa kinafanya kazi kwenye gari lako. Kondensa mpya siku hizi zinafia dukani. Rota, koili, mkanda wa feni, mipira ya rejeta ya juu na ya chini pamoja na ule mfupi wa baipasi, seti ya vifaa vya kukarabati pampu ya mafuta, tyubu ya 7.50-16. Oili 20W-50 lita mbili, maji lita ishirini, mafuta ya breki kopo ambalo halijafunguliwa. Waya wa kufungia, klipu, tepu, fila geji, kamba ya kuvutia. Pembetatu mbili na kizima moto chenye stika hai. Dumu la petroli liwe la chuma na lisikae ndani mnakokaa.

Tairi msitazame kashata tu, tazameni tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hilo usipande nalo.

Kitasa cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho. Maji nimejaza hadi inchi moja chini ya mdomo, siku nne sasa hayajasogea. Ngoma ya mbele kulia pistoni moja ya wili silinda imeganda, shuu ni kavu. Cheche likigoma ni ya njano, koili inasoma 1.5. Nibadilishe koili peke yake au na kondensa?

Mzee wa Platini

Vyote viwili, na platini pia, maana koili hiyo imeshaziunguza. Zipanguse mpya kwa petroli kabla ya kufunga, huja na grisi ya kiwandani ambayo inaleta kumisi. Halafu lizungushe saa nzima mjini kwenye jua, lizime sheli, lisubiri dakika kumi, piga stata. Likigoma tena, cheche ikiwa ya bluu, ndipo ufungue kabureta.

Bonde la Pangani

Na wili silinda nunua zote nne za mbele. Moja ikiganda, zilizobaki zina umri uleule. Ukishazifunga na kutoa upepo, lijaribu kwenye mteremko mfupi kwa 40, mikono ikiwa imelegea kwenye usukani. Likienda moja kwa moja, tutaonana Mombo.